Fahamu: Mtoto aliyebaki Banalia na kodi ya Marekani

Familia iliyotoka Banalia, Kongo (DRC), ikahamia Marekani inaweza kupata nafuu ya kodi kwa watoto: kwa mapato ya 2025, hadi dola 2,200 kwa kila mwenye umri chini ya miaka 17. Mtoto wa kaka yako naye anaweza kuhesabiwa, ilimradi ameishi nawe zaidi ya nusu mwaka, unamlea, na ana namba ya Social Security. Aliyebaki Banalia kwa bibi haingii, hata ukimtumia karo kila mwezi. Inauma, ndiyo.

Hudaiwi kodi? Jaza fomu ya kodi vilevile: mwenye kipato cha kazi anaweza kurudishiwa hadi dola 1,700 kwa mtoto. Vituo vya VITA, mpango wa wahudumu wa kujitolea wa kodi huko Marekani, huwajazia wenye kipato kidogo bure.