Je, Wajua? Kompyuta nzito huenda imekosa draiva tu

Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kwa kawaida huchorwa upya mara 60 kila sekunde. Hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 kwa sekunde moja!

Draiva ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia chipu ya picha, ikikosekana, Windows hutumia ya kwake ya msingi, na prosesa hubebeshwa kazi yote ya kuchora. Hapo hata kompyuta nzima kabisa kwenye steshenari ya Makole, Dodoma, huburuta dirisha kwa kusitasita.

Na mchezo wa kompyuta ukisitasita, ushushe hadi nukta 1280 kwa 720: zinabaki nukta 921,600, chini ya nusu. Picha hufifia kidogo, kasi hupanda.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika SystemPropertiesPerformance, bonyeza Enter, kisha chagua chaguo la tatu, la utendaji bora. Vivuli na madoido huzimika. Ila rudisha tiki ya kulainisha herufi, la sivyo maandishi yataota meno kama msumeno.

Na vumbi la kiangazi cha Dodoma? Likiziba feni, chipu hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Hilo halina draiva; safisha feni kwanza.

Draiva yenyewe ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Ni bure.