Usinunue vinoo vinne na kisu chako ni kimoja

JE, msomaji, kisu cha jikoni mwako kinaweza kukata nyanya iliyoiva bila kuifanya uji? Wengi wetu tukiulizwa swali hilo huinamisha macho. Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini katika nyumba nyingi za mjini kisu hununuliwa, hutumiwa hadi kikawa butu kama mwiko, kisha hununuliwa kingine.

Mimi pia nilikuwa miongoni mwa hao hadi jioni moja nilipokuwa nikikata sukuma wiki. Kisu kilikuwa butu hivi kwamba nilikikandamiza kwa nguvu zangu zote. Kiliteleza juu ya shina kikatua kidoleni. Hapo ndipo nilipoamini maneno ya wapishi, kwamba kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa kuwa huulazimisha mkono kutumia nguvu. Fauka ya hayo, hukiponda kitunguu badala ya kukikata, nayo macho yakazidi kuwasha.

Nilimpelekea kisu hicho fundi mwenye mashine ya kunolea ya stima. Kilirudi kikali, ndiyo, lakini ukingo wake ulikuwa umegeuka rangi ya samawati. Rangi hiyo ni ishara kwamba chuma kimepata joto kupita kiasi na kupoteza ugumu wake. Hakikumaliza wiki mbili. Basi nikaamua kununua kinoo changu mwenyewe.

Ukiingia dukani utaonyeshwa seti ya mawe manne au zaidi, pamoja na kishikizo cha mpira na kijisanduku cha mbao. Usibabaike. La muhimu ni namba iliyoandikwa kwenye jiwe, ambayo hueleza ukubwa wa chembe zake. Namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na jiwe hula chuma upesi. Namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini na kazi yake ni kung'arisha makali yaliyokwisha patikana. Jiwe la 400 hadi chini ni la kurekebisha kisu kilichomeguka au kilichotelekezwa miaka mingi. La 1000 ndilo la kunolea siku zote. La 3000 hadi 6000 ni la kumalizia.

Vitabu vingi humshauri anayeanza kununua jiwe la pande mbili, 1000 upande mmoja na 6000 upande wa pili. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu ambaye visu vyake vina nafuu. Lakini tuambiane ukweli: visu vyetu hufungulia mikebe na kukatia juu ya sahani! Kisu kama hicho ukikianzia kwenye 1000 utasugua hadi mkono ufe ganzi. Kwa maoni yangu, nyumba ya kawaida ianze na jiwe moja la 400 na 1000. Tena visu vya bei nafuu huwa na chuma laini kisichohifadhi sana ule ung'avu wa 6000. Ukitaka kumalizia, pitisha kisu kwenye upande wa ndani wa mshipi mkuukuu wa ngozi, ukikivuta kwa kutanguliza mgongo.

Chagua jiwe lenye urefu wa sentimita 18 au zaidi, maana kijiwe kifupi humsumbua asiyezoea. Uliza pia kama ni la maji au la mafuta. Mengi ya maji hulowekwa dakika 10 hadi 15, mpaka viputo vya hewa viishe, ingawa mengine hunyunyiziwa tu. Jiwe la maji lisitiwe mafuta kamwe.

Kunoa kwenyewe hakuna uchawi. Tandika kitambaa kilicholowa chini ya jiwe lisiteleze. Kisu chenye upana wa sentimita 4, inua mgongo wake kama sentimita 1 hivi kutoka kwenye jiwe, nawe utakuwa karibu na nyuzi 15. Sukuma na kuvuta bila kubadilisha mwinamo huo, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani huhesabu mara walizosugua. Usihesabu. Papasa kwa uangalifu upande wa juu, ukitoa kidole kwenye mgongo kuelekea nje, wala si kukipitisha kwa urefu wa makali. Ukihisi kijinywele cha chuma kimejikunja kutoka mwanzo hadi mwisho, upande huo umekwisha, geuza. Kijinywele kisipotokea, kisu hakijanoleka hata ukisugua hadi usiku.

Malizia kwa kusugua polepole, huku na huku, hadi kijinywele kitoke. Kisha jaribu kwa nyanya au ukingo wa karatasi ya gazeti. Kisu cha mkate chenye meno kiache. Hicho hakinolewi kwenye jiwe bapa.

Baada ya miezi kadhaa jiwe litabonyea katikati, na jiwe lililobonyea huharibu makali. Tandaza msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kilicho sawa, ulisugue jiwe hapo hadi lilingane. Kisha likaushe kivulini, kwani lililolowa likianikwa juani huweza kupasuka.