Fleti moja, makocha wawili

Mwaka 1944, mjini St. Louis, makocha wakuu wa timu mbili za besiboli waliishi fleti moja. Billy Southworth alikuwa na Cardinals, Luke Sewell alikuwa na Browns, na msimu mzima ukapita bila kubanana. Cardinals wakiwa nyumbani, Browns wako safarini. Browns wakirudi, Cardinals wameshafunga mizigo. Oktoba ndiyo iliyoharibu mambo. Timu zote mbili zilitwaa ubingwa wa ligi zao, zikakutana katika fainali ya taifa, World Series, na mechi zote zilipigwa St. Louis kwenye uwanja mmoja, Sportsman's Park. Makocha wawili mjini kwa wakati mmoja, fleti ni ileile. Ikabidi mkazi mwingine wa jengo hilo, aliyekuwa nje ya mji, amwachie Southworth nyumba yake mpaka fainali iishe.

Uwanja wenyewe ulikuwa mali ya Browns. Cardinals walikuwa wapangaji tu, na mpangaji akamshinda mwenye nyumba mechi 4 kwa 2.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ninaloulizwa kila ninapowaeleza watu ligi ya besiboli ya Marekani: inakuwaje New York, Chicago na Los Angeles kila moja ina timu mbili kubwa, na hizo mbili hazimo kundi moja? Sisi tumelelewa na dabi ya Simba na Yanga. Pointi tatu alizopoteza mmoja ni ahueni ya mwenzake, na ndiyo maana shabiki wa Yanga huikodolea macho mechi ya Simba na timu ya mkoani kana kwamba timu yake ndiyo iko uwanjani. Wamarekani walichagua njia nyingine, tena kwa makusudi.

Mwanzoni kulikuwa na National League, iliyoanzishwa 1876. Mwaka 1901 American League ilijitangaza kuwa ligi kubwa nayo, ikaanza kuwarubuni wachezaji kwa mishahara minono na kupeleka timu kwenye miji ambayo wakubwa waliiona ni yao. Vita vya fedha viliendelea mpaka 1903, wakapatana. Katika mapatano hayo miji iligawanywa kama mirathi: Boston, Philadelphia, Chicago, St. Louis na New York zikawa na timu za ligi zote mbili. Kila ligi ikabaki na ratiba yake na msimamo wake, na mabingwa wakawa wanakutana Oktoba peke yake. Kwa ratiba, majirani wakawa kama wako nchi mbili. Miaka ya karibuni hata kanuni zilitofautiana: kuanzia 1973 American League ilimruhusu mpigaji maalumu ashike zamu ya kupiga ya mrushaji, lakini National League haikukubali moja kwa moja mpaka 2022.

Nia ilikuwa biashara. Timu mbili zikiwa nyumbani siku moja zinagawana wateja wale wale. Moja ikisafiri nyingine ikirudi, mji una mchezo karibu kila siku na kila mlango wa kuingilia una foleni yake.

Chicago ndiyo darasa zuri zaidi. Panda treni ya Red Line, shuka kituo cha Addison upande wa kaskazini, na Wrigley Field iko mbele yako: uwanja wa 1914, ukuta wake wa matofali umefunikwa na majani yanayotambaa. Hapo ni kwa Cubs. Rudi kwenye treni ileile, pita katikati ya mji, endelea kusini mpaka kituo cha Sox–35th, na umefika kwa White Sox. Kati ya viwanja hivyo ni kama kilomita 13. Charles Comiskey alipoleta timu yake Chicago mwaka 1900 aliiweka huko kusini, jirani na machinjio makubwa ya ng'ombe, na tangu siku hizo asili ya mtu mjini hapo husomwa kwenye kofia yake.

Timu hizo zilikutana fainali mwaka 1906. Cubs walikuwa wameshinda mechi 116 na kupoteza 36, na White Sox walikuwa wakichekwa kwa udhaifu wao wa kupiga mpira. White Sox wakashinda fainali 4 kwa 2. Baada ya hapo zilicheza mechi nyingi za ubingwa wa mji, za kujitambia tu, lakini mechi ya kuhesabika kwenye msimamo haikuchezwa mpaka 1997, ligi zilipoanza kukutanisha timu zao katika msimu wa kawaida. Miaka 91! Mtu alizaliwa, akashabikia, akazeeka na akazikwa bila kuona timu mbili za mji wake zikigombea kitu.

Ndiyo maana utani wa Chicago una ukali wa maneno bila uchungu wa hesabu. White Sox walitwaa ubingwa 2005, wa kwanza kwao tangu 1917, na Cubs hawakuporwa chochote. Mwaka 2024 White Sox walipoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote katika msimu mmoja tangu 1901. Ukiondoa mechi nne walizokutana, anguko hilo halikuwasogeza Cubs hata nafasi moja. Hasimu halisi wa Cubs yuko kilomita karibu 480 kusini-magharibi: Cardinals wa St. Louis, kwa kuwa wako kundi moja na wanagombea kiti kimoja.

Wako watakaosema ujirani ndio unaozaa uhasama, ratiba huja baadaye tu. Nawapeleka Texas. Houston Astros na Texas Rangers wamo jimbo moja, lakini kwa miaka mingi Astros walikuwa National League na Rangers American League. Mwaka 2013 Astros walihamishiwa American League, ikiwa sehemu ya masharti ya kumuuzia timu mmiliki mpya, ili kila ligi iwe na timu 15. Wakawekwa kundi moja na Rangers. Miaka kumi baadaye, 2023, timu hizo zilimaliza msimu zikiwa sawasawa, ushindi 90 kila moja. Astros wakaongoza kundi kwa sababu tu walishinda mechi 9 kati ya 13 walizokutana. Wiki chache mbele, Rangers wakalipiza: waliwatoa Astros 4 kwa 3 kwenye fainali ya ligi, katika mfululizo ambao kila mechi ilishindwa na mgeni, kisha wakatwaa ubingwa wa taifa. Umbali kati ya miji yao haujabadilika hata hatua moja. Kilichobadilika ni karatasi ya msimamo.

Sasa kwa nini wasifanye hivyo New York? Walishafanya. Giants na Brooklyn Dodgers walikuwa National League wote wawili na kwa kawaida walikutana mara 22 kwa msimu. Uhasama ule haujapata mfano mjini humo. Lakini mwishoni mwa msimu wa 1957 wote wawili walifunga virago wakahamia California, Dodgers Los Angeles na Giants San Francisco, kwa pamoja, kwa sababu wamiliki wenzao waliruhusu safari hiyo kwa sharti kwamba ziende timu mbili. Walichohama nacho ni uhasama wao. Mpaka leo wamo kundi moja na hawapikiki chungu kimoja. Yankees wakabaki New York peke yao. Ungedhani watavuna mashabiki yatima wa Brooklyn. Mwaka 1958 Yankees walikuwa mabingwa wa taifa, na watazamaji wao walipungua kuliko mwaka uliotangulia. Shabiki wa timu iliyohama haendi kwa jirani. Anakaa nyumbani.

Hata kuwa ligi tofauti si kinga. Kati ya miji mitano iliyogawiwa 1903, mitatu ilibaki na timu moja ndani ya miaka mitatu tu: Braves waliondoka Boston kabla ya msimu wa 1953, Browns wakaondoka St. Louis kabla ya ule wa 1954, Athletics wakaiacha Philadelphia kabla ya ule wa 1955. Browns, wale wenye nyumba, msimu wa 1935 walikuwa wamepata watazamaji karibu 81,000 kwa mwaka mzima. Braves walitazamwa na watu 281,000 hivi katika msimu wao wa mwisho Boston. Walipofika Milwaukee, msimu wa kwanza tu uliwaletea zaidi ya milioni 1.8. Baada ya hesabu kama hiyo nani angerudi?

Kisa cha karibuni ni cha Athletics haohao, ambao kutoka Philadelphia walipitia Kansas City, kisha wakatua Oakland 1968, ng'ambo ya ghuba kutoka kwa Giants. Kule New York, Chicago na Los Angeles, timu mbili zinamiliki eneo moja kwa pamoja. Kwenye ghuba ya San Francisco eneo lilikatwa vipande. Athletics walipotaka kujenga San Jose, Giants walisema ni eneo lao, na ligi haikuwaruhusu Athletics kupita. Baada ya msimu wa 2024 waliiacha Oakland, wakaenda West Sacramento kusubiri uwanja wa Las Vegas.

Kamishna wa ligi zote mbili, Rob Manfred, amezungumza hadharani kuhusu kufikisha timu 32 na kupanga makundi upya kwa jiografia, wachezaji wapunguze kuruka bara zima na mechi za televisheni zianze saa ambazo watu wako macho. Hoja ya safari ina uzito. Tatizo ni miji yenye timu mbili: ukifuata ramani bila huruma, Yankees na Mets, timu mbili za New York za sasa, wanaingia kundi moja. Leo timu za kundi moja hukutana mara 13 kwa msimu, na tangu 2025 majirani wa ligi tofauti hukutana mara 6.

Kwa shabiki wa kawaida, mechi 13 zenye kitu cha kugombea ni bora kuliko 6 za kutambiana, na ningependa kuona New York ikirudia joto la miaka ya Dodgers na Giants. Lakini ramani hiyo ina gharama ambayo wachoraji wake hawapendi kuitaja. Timu mbili za ligi moja haziwezi kukutana World Series. New York imewahi kuziona fainali 14 za timu zake zenyewe, ya mwisho mwaka 2000, Yankees walipowashinda Mets 4 kwa 1. Wakiwekwa pamoja, ya 15 haipo. Na Chicago, kule kwenye Red Line, bado wanaisubiri ya pili tangu 1906.