Safari za Merikebu Katika Visiwa vya Barafu

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia kwamba kaskazini kabisa mwa dunia kuna bahari igandayo kwa baridi, hata mtu aweza kutembea juu yake kwa miguu. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa kila mwaka watu hutoa fedha nyingi kwenda huko kutazama tu: hawaendi kuchimba mali, wala kuwinda, wala kufanya biashara. Twapenda kueleza habari za safari hizo, maana zimezusha swali gumu: je, yawezekana kumwendea mnyama wa mwitu kwao bila kumdhuru?

Na tutwae mfano wa visiwa vya Svalbard. Viko katikati ya Norwei na ncha ya kaskazini ya dunia, na kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote chaitwa Spitsbergen. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1920 viliwekwa chini ya serikali ya Norwei, nayo huweka liwali wake huko. Mji wake mkubwa ni Longyearbyen, wenye watu kama 2,500. Hapo jua halichwi tangu siku za Aprili 20 hata siku za Agosti 22. Na tangu mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari halichomozi kabisa. Mwalimu apendaye kuwaonyesha watoto sababu yake na achukue chungwa, alichome kijiti katikati, akiinamishe kijiti kidogo kuelekea taa, kisha alizungushe. Watoto wataona ya kuwa sehemu ya juu haingii gizani.

Mholanzi Willem Barentsz aliviona visiwa hivyo mwaka 1596, na haukupita muda mrefu wakaja wavuvi wa nyangumi. Waholanzi walijenga kituo chao mahali paitwapo Smeerenburg, wakayeyusha shahamu ya nyangumi katika masufuria makubwa ya shaba ili wapate mafuta ya taa na ya sabuni. Waliua bila kiasi, hata nyangumi wa pwani zile wakawa karibu kwisha. Baada yao waliuawa wolrasi, wanyama wakubwa wa bahari wafananao na sili, wenye meno mawili marefu kama pembe za ndovu. Serikali ilipokataza kuwaua, mwaka 1952, walikuwa wamebaki wachache mno. Leo wamerudi kwa maelfu, ingawa iliwapasa kungoja miaka mingi. Mifupa ya wale waliouawa ingali imelala pwani, wala msafiri hana ruhusa kuiokota. Sheria yalinda kila alama ya kazi ya wanadamu iliyoachwa kabla ya mwaka 1946, hata msumari wenye kutu.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Nahodha hana njia aliyokata mapema, kwa kuwa barafu na upepo ndivyo vimwamuruvyo. Kabla ya kushuka, abiria husafisha viatu na nguo zao, wasije wakapeleka mbegu za nchi nyingine. Viongozi hutangulia katika mashua za mpira, wakapanda vilimani na kupeleleza kwa darubini. Wakiona dubu, watu hawashuki, hata kama wametoka mbali. Wasipomwona, abiria huletwa pwani, nao viongozi huwazunguka wakiwa na bunduki na fataki za kumtishia mnyama. Wageni hutembea kwa kundi moja wakatazama miamba iliyojaa maelfu ya ndege na maua mafupi yasiyofika kifundo cha mguu. (Vitwitwi wengine tuwaonao mchangani katika pwani ya Afrika ya Mashariki wakati wa kaskazi huzaliwa katika nchi za baridi kama hizo.)

Hata hivyo wengi wajapo hutamani kumwona dubu mweupe. Dume aweza kuwa na uzito wa kilo 500 na zaidi, tena hana desturi ya kumwogopa mtu. Chakula chake ni sili, naye huwavizia juu ya barafu. Kwa kuwa visiwa vile vimeongezeka joto upesi kuliko karibu mahali pote duniani, barafu hukawia kuja na huondoka mapema. Dubu wengine basi hubaki nchi kavu wakila mayai ya ndege, na ndiko washukiako wageni.

Mwezi wa Julai mwaka 1968 hapakuwa na amri kama za leo. Lakini mwezi wa Julai mwaka 2018 amri zilikuwapo, dubu wakiwa wamelindwa tangu 1973, na balaa ikatokea vile vile. Walinzi wa merikebu moja walitangulia kushuka katika kisiwa kidogo cha kaskazini ili wapeleleze. Dubu ambaye hawakumwona alimrukia mmoja wao akamjeruhi kichwani. Wenzake walijaribu kumfukuza wasiweze, wakampiga risasi akafa. Mlinzi alipona, lakini watu wa nchi nyingi walighadhibika, wakiuliza kwa nini mnyama afe nyumbani kwake kwa ajili ya watu waliokwenda kutembea. Sisi hatuwezi kumlaumu mtu aliyemwokoa mwenzake. Lakini swali lile si la upuuzi.

Tangu Januari 1 mwaka 2025 sheria imekazwa. Katika sehemu zilizohifadhiwa, ambazo ndizo kubwa, merikebu haina ruhusa kuchukua abiria zaidi ya 200, na mahali pa kushukia ni 43 tu. Mtu asimkaribie dubu chini ya mita 300. Na tangu Machi 1 hata Juni 30, majira ambayo mama wana watoto wachanga na barafu ya kuwindia ingaliko, ni mita 500. Akitokea karibu kuliko hapo, ni mtu apasaye kurudi nyuma. Wenye merikebu wengine walinung'unika, wakisema ya kuwa kwa mbali hivyo dubu huonekana kama doa la rangi ya maziwa, na ya kuwa wageni watasongana katika mahali pachache. Liwali na watu wake ndio wasimamiao amri hizo, na avunjaye hutozwa faini.