KANGAGA-MTI LA MILIMA YA USAMBARA NA JINA LAKE LA KITAALAMU

Watumishi wa Serikali na wananchi waendao Lushoto kwa kazi au matembezi hurejea mara nyingi na habari za "minazi midogo" iotayo kandoni mwa vijito katika msitu wa Magamba. Inafaa ifahamike kuwa ule si mnazi, wala si mtapo kama tuujuao huku pwani. Ni kangaga, jamaa wa makangaga madogo yaotayo kwenye kuta za visima, isipokuwa hili lina shina refu la mita kadhaa, na vikonyo vya majani yake vina miiba mikali.

Kangaga-mti hili liliandikwa na W. J. Hooker mwaka 1865 kwa jina la Cyathea manniana, kwa heshima ya Gustav Mann, aliyekusanya mimea Afrika Magharibi kwa ajili ya Bustani ya Kew, Uingereza. Mwaka 1970 R. M. Tryon alilihamishia katika jenasi ya Alsophila, na wataalamu wengi sasa wanafuata uamuzi huo. Familia haikubadilika: ni Cyatheaceae, yenye spishi zaidi ya 600 duniani. Kwa hiyo afisa akikuta jina moja katika daftari la zamani na jingine katika hati mpya, asidhani ni mimea miwili. Jambo hili si dogo. Mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, unaorodhesha makangaga-miti haya katika Kiambatisho cha II kwa jina la Cyathea, na kuhamishwa jenasi hakukuyaondolea ulinzi huo.

Kangaga halina ua wala mbegu. Chini ya majani mna vidonge vya mviringo vyenye spora, nyepesi kama vumbi. Spora ikiangukia udongo wenye unyevu humea kijimea kidogo bapa, na ni juu ya kijimea hicho ndipo chembe ya kiume huogelea katika utando wa maji hadi kulifikia yai. Kijito kikikauka, mashina makubwa yanaweza kubaki yamesimama miaka mingi, lakini watoto hawapatikani. Aidha, shina hukua kwa ncha moja tu ya juu. Ikikatwa, shina lile hufa.

Kukata au kung'oa mimea katika hifadhi ya msitu bila ya kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Anayehitaji sampuli kwa utafiti aombe kibali kwa mamlaka ya misitu kabla ya kuingia msituni.