VPN ya Ofisi, Makongolosi hadi Mbeya

Tuseme una mtambo wa kuchenjua dhahabu Makongolosi, wilayani Chunya, na mhasibu wako yuko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100. Kila jioni anapokea taarifa za gramu zilizopatikana, bei, na siku mzigo utakapoondoka. Taarifa hiyo ya mwisho ikimfikia mwenye nia mbaya, roho ya dereva iko hatarini. Kwa hiyo ipitishe kwenye njia iliyosimbwa, yaani VPN, na funguo zake ukae nazo mwenyewe.

Kwenye Linux napendekeza WireGuard, programu ya VPN iliyoanzishwa na Jason Donenfeld. Iliingizwa kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6, Machi 2020, na msimbo wake ulikuwa wa mistari ipatayo 4,000, kiasi ambacho mtaalamu anaweza kukikagua chote. Kwenye Ubuntu inasakinishwa kwa `sudo apt install wireguard`.

Kila kompyuta itengeneze ufunguo wake wa siri kwa `wg genkey`, kisha ule wa wazi kwa `wg pubkey`. Zinabadilishana funguo za wazi tu. Wa siri hautoki kwenye kompyuta yake, hata kwa WhatsApp, hata kwa fundi unayemwamini. Mipangilio huandikwa kwenye `/etc/wireguard/wg0.conf`, faili ambalo msimamizi wa kompyuta peke yake aruhusiwe kulisoma. Mahali pa `AllowedIPs`, upande wa Makongolosi, andika anwani za ofisi tu, mfano `10.8.0.0/24`. Ukiweka `0.0.0.0/0`, hata video za vijana zitazungukia Mbeya na kumaliza bando la pande zote mbili. Washa kwa `sudo wg-quick up wg0`.

Ikiwa Makongolosi inatumia modemu ya laini ya simu, ina tabia yake. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo Mbeya haiwezi kuipigia Makongolosi. Kompyuta ya Mbeya ndiyo iwe seva, yenye anwani ya kudumu na mlango wa UDP 51820 ulio wazi. Makongolosi ianze mawasiliano, na `PersistentKeepalive = 25` itatuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili njia isifungwe.

Halafu kuna saa, jambo linalowasumbua mafundi wengi. Kila kompyuta inapoomba kuunganishwa hutaja wakati, na seva hukataa ombi lenye wakati uliopitwa na lile la mwisho, ili mtu asinase ombi la zamani na kulirudia. Umeme ukikatika na betri ndogo ya saa ikiwa imekufa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine. Seva itainyamazia bila ujumbe wowote wa kosa, nawe utabaki kulaumu mtandao. Angalia `timedatectl` kwanza, na badilisha betri.

Kisheria pia usijifiche: Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitaka wanaotumia VPN waitolee taarifa. Wasiliana nao kabla ya kuanza.

Kompyuta ikiibiwa, futa ufunguo wake wa wazi kwenye seva siku hiyohiyo. Tumia `wg set` kuuondoa papo hapo, kisha ufute kwenye faili pia, maana ukiachwa humo utarudi kazini seva itakapowashwa upya.