Kifua Ndicho Hushinda, Si Mguu

Msomaji, je, umewahi kushuhudia wakimbiaji wawili wakifika utepeni bega kwa bega? Katika mashindano ya shule kama yale ya Kapseret, nje kidogo ya mji wa Eldoret, jicho la mwalimu ndilo huamua. Mtoto akikosewa hapo, nafasi ya kusonga mbele humponyoka.

Katika mashindano makubwa, jicho hilo husaidiwa na kamera. Mwaka 2025 mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia kwa muda ule ule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ilionyesha Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Yaani kama shubiri moja tu, baada ya kilomita 42! Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Kamera hiyo hutazama mstari wa mwisho peke yake, ikinasa picha maelfu kila sekunde. Mwamuzi naye hatafuti pua, mkono wala kiatu, hutafuta kiwiliwili. Ndiyo maana kile kidude cha elektroniki kinachofungwa kiatuni, ingawa hupima muda wa wakimbiaji wengi, hakiwezi kukata ubishi huo. Chenyewe hufuata mguu.

Basi mzazi, mfunze mwanao mambo mawili: asipunguze mwendo kabla ya mstari, na hatua ya mwisho atangulize kifua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za uwanjani huishia kifuani.